Historia ya dunia inaanzia kabatini kwa bibi: mwongozo kwa mwanafunzi wa chuo aliye Mombasa

Kila mwaka, barua za vyuo zikishatoka, hubishiwa hodi na vijana wawili watatu wa mtaani wenye swali lile lile. Wamepangiwa yuniti ya historia ya dunia na kupewa karatasi ya mada. Karatasi inaanza na China ya kale, inamalizia kwa kuvunjika kwa Muungano wa Kisovieti, na yote hayo ni ya semista moja. "Mwalimu, nianzie wapi?"

Msichana mmoja wa Kisauni alinijia akiwa ameshaanza mwenyewe. Alikuwa na kurasa kumi na sita za tarehe, zimepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Nikamwambia afunge daftari, aende kabatini kwa bibi yake, aniletee leso kuukuu kuliko zote. Alinitazama kama mtu aliyepigwa na jua la saa saba. Lakini kesho yake aliileta, imekunjwa mara nne, inanukia udi.

Yafuatayo ni yale niliyomwonyesha siku ile na wiki zilizofuata. Ni ya anayeanza digrii na anaishi hapa Mombasa, au chuo kiko mbali lakini likizo anarudi kwao hapa.

Hatua ya 1: Shika kitu kimoja

Kusoma historia ya dunia si kujua historia ya kila nchi. Hilo halimwezekani mtu, hata profesa. Kinachosomwa ni namna mambo ya huku yalivyoshikana na ya kule: watu, bidhaa, maradhi, dini, fedha na mawazo yalivyosafiri, nani alifaidi na nani aliumia. Na mshikamano huo huuoni ukiutazama hewani. Unataka kitu cha kushika mkononi.

Tuliitandaza leso mkekani. Ina pindo, ina mji, ina jina, yaani ile methali iliyoandikwa juu yake. Neno leso ni la Kireno, *lenço*, yaani kitambaa cha mkononi. Wazee husimulia kuwa wanawake wa pwani walivinunua vitambaa hivyo vikiwa bado jora, wakavikata na kuvishona pamoja vikawa vazi. Kwenye ukingo wa leso hii palikuwa na alama ya "Mali ya Abdulla", ya lile duka la Biashara Street lililofunguliwa mwaka 1887 na familia yenye asili ya India. Leso zetu zimechapwa, kwa nyakati tofauti, Uholanzi, Uingereza, Japani, India, kisha hapa hapa Afrika Mashariki. Kwa hiyo methali ni ya Kiswahili, neno la vazi ni la Kireno, mwenye duka ni Mhindi, kiwanda kiko ng'ambo, na mvaaji ni bibi wa Kisauni. Hapo hatujafungua kitabu.

Kabla ya leso kulikuwa na merikani, na hapa ndipo nilipomkalisha saa nzima.

Merikani ni kile kitambaa kizito kisichotiwa rangi. Kuanzia miaka ya 1820 meli za wafanyabiashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, zilianza kufika Zanzibar. Mwaka 1833 Marekani ilitia saini mkataba na Sayyid Said, mtawala wa Omani na Zanzibar, na mwaka 1840 meli ya Sayyid, Sultana, ilitia nanga New York ikiwa na mjumbe wake, Ahmad bin Na'aman. Kitambaa kilifumwa katika viwanda vya Massachusetts. Pamba yake ilichumwa na watumwa wa majimbo ya kusini ya Marekani. Meli zikirudi zilipakia sandarusi na pembe za ndovu. Sandarusi ilikuwa vanishi ya samani, na pembe zikaenda Connecticut kuchongwa vitana na vibao vya piano. Pembe hizo zilishuka pwani juu ya mabega ya watu. Wengine walikuwa wapagazi wa kulipwa, wengine walikuwa wenyewe njiani kuuzwa.

Mwaka 1861 vita vikazuka Marekani kati ya kaskazini na kusini. Pamba ikakatika, bei ikapanda, merikani ikaadimika huku kwetu, na kitambaa cha Uingereza na India kikaingia pengo lile. Baadaye viwanda vya Bombay vikalishika soko. Lakini watu waliendelea kukiita merikani, hata kilipokuwa hakijawahi kuiona Marekani.

Msichana akanyamaza kidogo, akauliza: "Kwa hivyo mwalimu, mtumwa wa kule alichuma pamba ya kununulia pembe iliyobebwa na mtumwa wa huku?"

Hilo ndilo swali. Zile kurasa kumi na sita zisingemfikisha hapo.

Wewe chagua chako: mzinga wa Fort Jesus, chapati, kahawa chungu, kengele ya Frere Town pale Kengeleni, reli. Kigae cha kauri ya China pia ni kizuri, ila kitazame makumbusho. Usikiokote kwenye magofu, kwanza kwa sababu sheria inakataza, pili kwa sababu kigae kilichong'olewa mahali pake hakimwambii tena mchimbuzi kilikuwa tabaka gani, na bila tabaka hakina mwaka.

Hatua ya 2: Kigeuze kitu kiwe swali

"Biashara ya merikani" ni mada, na mada haijibiki. "Kwa nini wanunuzi wa pwani waling'ang'ania kitambaa cha Marekani ilhali cha Uingereza kilikuwapo?" ni swali. Mimi hulipima swali kwa mambo matatu. Je, watu wawili wenye akili timamu wanaweza kulijibu tofauti? Je, kuna ushahidi unaoweza kunitoa makosani? Je, ushahidi huo nitaupata kabla semista haijaisha? Hilo la tatu ndilo linaloua insha nyingi. Swali linalotaka nyaraka za Lisbon ni zuri sana kwa mwenye nauli ya Lisbon.

Kisha amua kama unaunganisha au unalinganisha. Wanafunzi wengi huchanganya mambo haya, basi tuchukue reli.

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901. Walioletwa kutoka India kwa mikataba walikuwa kiasi cha 32,000, na wapatao 2,500 walikufa kazini. Ukiunganisha, unauliza: kwa nini India? Hapo unarudi nyuma hadi miaka ya 1830, Uingereza ilipopiga marufuku utumwa katika makoloni yake na wenye mashamba ya miwa wakatafuta mikono mingine. Wahindi wa mikataba wakapelekwa Mauritius, Trinidad kuanzia 1845, Natal kuanzia 1860, Fiji kuanzia 1879. Reli yetu iliingia ndani ya mtambo uliokuwa tayari unafanya kazi kwa zaidi ya miaka sitini.

Ukilinganisha, unaiweka Mombasa kando ya Durban na kuuliza kwa nini mambo hayakwenda sawa. Wajenzi wengi wa reli walirudi kwao mikataba ilipoisha, na Wahindi wengi wa Kenya wanatokana na wafanyabiashara na mafundi waliokuja kwa hiari yao, wengine kabla ya reli. Kule Natal wengi wa wakata miwa walibaki. Kwa nini? Ni ardhi, ni sheria, ni aina ya kazi yenyewe? Hiyo ni insha kamili. Na usiandike kwamba Wahindi wote wa Mombasa ni wajukuu wa wajenzi wa reli. Nimelisoma hilo mara nyingi mno.

Hatua ya 3: Soma ugomvi, usisome habari tu

Shule ya upili ilitufunza kuwa kitabu cha historia ni kapu la habari. Chuoni kitabu ni mtu anayebishana na mtu mwingine. Usipomjua anayebishana naye, utasoma kurasa mia tatu utoke na majina tu.

Ugomvi ulio karibu nasi zaidi ni huu: miji ya Waswahili ilijengwa na nani? Wachimbuzi wa zama za ukoloni, akiwamo James Kirkman aliyeanza kuchimbua Gedi mwaka 1948, waliiona kama kazi ya wageni kutoka ng'ambo ya bahari. Kisha miaka ya 1980 Mark Horton alichimbua Shanga, kule visiwa vya Lamu, akakuta kwamba matabaka ya chini kabisa yana nyumba za miti na udongo, vyungu vya kienyeji, na msikiti mdogo wa miti. Mji ulikuwapo kabla ya mawe. Wanaakiolojia wa Kiafrika, kama Chapurukha Kusimba na Felix Chami, wakasisitiza zaidi mizizi ya bara. Halafu mwaka 2023 ukatoka uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa pwani na jirani zake kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi, baadhi yao hapa Mtwapa. Wengi walikuwa na asili mbili. Upande wa mama ulikuwa zaidi wa Kiafrika, upande wa baba ulikuwa na Waajemi, na mchanganyiko ulianza karibu mwaka 1000.

Basi wageni wameshinda? La. Damu inakwambia nani alizaa na nani, haikwambii nani alijenga msikiti wala lugha ilitoka wapi, na lugha yetu ni ya Kibantu kwa sarufi yake yote. Ukiweza kueleza hivyo kwa aya moja, nini ushahidi huu unathibitisha na nini hauthibitishi, umeshajua kazi hii ilivyo.

Kwa vitendo, fanya hivi. Kitabu ukikipata, soma utangulizi, soma hitimisho, kisha tazama tanbihi za sura moja uone anategemea nini: barua za maafisa, vigae, mashairi, takwimu za forodha? Ndipo urudi kwenye sura unayoihitaji. Daftarini nichoree mistari miwili iwe na safu tatu: anadai nini, anampinga nani, ushahidi wake ni upi. Kitabu kisichojaza safu ya tatu kiweke kando.

Kuna majina utakayokutana nayo ukitaka usitake. Walter Rodney, aliyekuwa akifundisha Dar es Salaam, alitoa mwaka 1972 hoja kwamba Ulaya iliendelea kwa kuirudisha Afrika nyuma. Kenneth Pomeranz, mwaka 2000, alidai kwamba hadi karne ya 18 sehemu bora za China hazikuwa nyuma ya Uingereza, na kilichozitenganisha ni mambo mawili: makaa ya mawe ambayo Uingereza ilikuwa nayo karibu, na ardhi ya Amerika. Wasome wote wawili katika wiki moja, uone jinsi wanavyoliendea swali moja kutoka milango tofauti. Na Historia Kuu ya Afrika ya UNESCO, majuzuu manane ya mwanzo, iko mtandaoni bila malipo. Juzuu ya nane ilihaririwa na Ali Mazrui, mtoto wa Mombasa, aliyezikwa mwaka 2014 kwenye makaburi ya ukoo wake hatua chache kutoka Fort Jesus. Akaunti ya bure ya JSTOR, hazina ya mtandaoni ya makala za wasomi, nayo hukuruhusu kusoma makala kadhaa kila mwezi. Bando likiwa dogo, yasome ukiwa maktaba.

Hatua ya 4: Mhoji shahidi

Hapa usiharakishe. Chukua chanzo kimoja, ukae nacho.

Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipita Mombasa mwaka 1331. Anasema ni kisiwa kikubwa, chenye ndizi na ndimu. Watu hawalimi nafaka bali huletewa. Chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki. Ni watu wa dini, misikiti yao ni ya miti iliyojengwa imara, na anayeingia huosha miguu kwanza. Mwanafunzi wa shule ya upili ananakili haya na kuweka nukta. Wewe uliza.

Alikaa siku ngapi? Alilala usiku mmoja, akaendelea na safari ya Kilwa. Aliandika lini? Hakuandika pale. Alimsimulia katibu, Ibn Juzayy, kule Morocco, na kazi ikamalizika mwaka 1355, zaidi ya miaka ishirini baadaye. Mtu aliyelala mahali usiku mmoja, akasimulia baada ya miaka ishirini na ushei, anakumbuka nini hasa?

Sasa tazama hili. Anasema kutoka kisiwani hadi nchi ya Sawahil ni safari ya siku mbili baharini. Nenda Likoni upande feri uhesabu dakika. Basi amekosea? Huenda. Lakini kabla ya kumcheka, uliza alipotaja "Sawahil" alikuwa na nchi gani kichwani. Huenda jina hilo wakati ule halikuwa la pwani yote, bali la mahali maalumu palipotoka ile nafaka. Kosa la shahidi wakati mwingine lina faida kuliko ukweli wake, kwa kuwa linakuonyesha ramani aliyokuwa nayo.

Na ile misikiti ya miti? Mwanzoni nilidhani ni dharau ya msafiri aliyezoea miji mikubwa. Kisha nikasoma habari za Shanga.

Mweke sasa kando ya shahidi wa pili. Mwaka 1505 Mreno Francisco de Almeida aliushambulia na kuuchoma mji wa Mombasa. Hans Mayr, Mjerumani aliyekuwa katika meli mojawapo, aliacha maelezo ya mji wa nyumba ndefu za mawe na nyara nyingi za vitambaa. Kati ya misikiti ya miti na nyumba za mawe kuna miaka 174. Ni mji uliotajirika, au ni macho mawili tofauti, moja la mgeni aliyekuja kuswali na moja la mgeni aliyekuja kupora? Mporaji hutazama sana nyumba. Andika majibu yote mawili, kisha tafuta kitakachoyaamua.

Usisahau mashahidi wetu wenyewe. Muyaka bin Haji alitunga mashairi Mombasa ilipokuwa mikononi mwa ukoo wa Mazrui, akaiimba misukosuko yao na Sayyid Said iliyoishia kwa mji kuchukuliwa mwaka 1837. Ni sauti ya ndani, lakini nayo ihojiwe. Mashairi mengi yalihifadhiwa vichwani, yakaja kuandikwa mwishoni mwa karne ya 19 kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na mmishenari W. E. Taylor. Shairi kuwa letu hakulifanyi kuwa picha.

Hatua ya 5: Tumia lugha uliyozaliwa nayo

Mwanafunzi wa Ulaya hulipa ada kujifunza Kiswahili ili afanye kazi unayoweza kuifanya leo jioni. Maneno ni nyaraka. Gereza latokana na neno la Kireno la kanisa, *igreja*. Meza, bendera, kasha na mvinyo ni ya Kireno pia. Shule na hela ni za Kijerumani. Gari ni la Kihindi. Bandari ni la Kiajemi. Ukiyapanga kwa kazi zake utaona kila mgeni aliacha maneno ya shughuli iliyomleta.

Ila maneno hudanganya. Mahindi! Jina linakupeleka India moja kwa moja, na mmea wenyewe ni wa Mexico, uliovuka bahari baada ya 1492. Jina linaweza kukwambia watu walidhani kitu kimetoka wapi, au kilipitia mkono wa nani, na lisikwambie kilikozaliwa. Ni mchezo ule ule wa merikani iliyofumwa Bombay.

Jambo dogo la tarehe, maana limewaangusha wengi. Maandishi yetu ya zamani, ya hati za Kiarabu, hutumia mwaka wa Hijria, ulio mfupi kuliko wa jua kwa siku kumi na moja hivi. Kwa makadirio, zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97 kisha jumlisha 622. Utendi wa Tambuka, kwa mfano, una mwaka 1141: zidisha upate karibu 1107, jumlisha 622, unapata 1729. Hesabu kamili inaonyesha mwaka ule ulianza Agosti 1728, ndiyo maana vitabu huandika 1728. Makadirio yanakosea kwa mwaka mmoja, basi penye uzito tumia jedwali. Na kama hujui kusoma Kiswahili cha hati za Kiarabu lakini ulipita madrasa, herufi unazo tayari. Miezi miwili ya mazoezi itakutosha kuanza.

Hatua ya 6: Nyaraka, makumbusho, wazee

Fort Jesus nenda asubuhi, kabla ya makundi ya watalii. Usizunguke yote. Nenda kwa vitu vya Santo António de Tanná, meli ya Kireno iliyozama mwaka 1697 mbele ya ngome wakati Waomani wameizingira. Mzingiro ulianza 1696 ukaisha Desemba 1698. Simama mbele ya kitu kimoja, andika ukurasa mzima bila kupiga picha. Mkono ukiandika, jicho huona.

Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa iko Nairobi, Moi Avenue, katika jengo lililokuwa Bank of India. Kabla hujapanda treni Miritini, ulizia kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na barua ya idara yako, na jua jalada unalolitafuta. Nenda na penseli. Mimi safari yangu ya kwanza nilimaliza siku mbili nikisoma orodha tu, kwa sababu sikuwa na swali.

Wazee ni suala lingine, na hapo adabu ni sehemu ya utafiti. Kule Frere Town, pahali palipoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, baadhi ya wakazi wa mwanzo walikuwa wametekwa bara wakiwa watoto, wakaokolewa baharini na jeshi la maji la Uingereza, wakalelewa Nasik karibu na Bombay, kisha wakaletwa Mombasa wakiwa wanajua Kihindi na Kiingereza. Maisha ya mtu mmoja yamezunguka bahari nzima. Lakini asili ya utumwa bado ni kidonda katika nyumba nyingi za pwani. Utumwa ulifutwa kisheria hapa mwaka 1907 tu. Usimwendee mzee wa watu ukamuuliza, "Babu yako alikuwa mtumwa?" Anza na kazi, na vyakula, na majina ya mitaa. Omba ruhusa kabla ya kurekodi, uliza kama jina lake litajwe, na akisema neno hili lisitoke, lisitoke. Ukimaliza insha mpelekee nakala, na sukari.

Hatua ya 7: Andika, na ujibu "Kwa hivyo?"

Insha yangu ya kwanza ya chuo ilikuwa kurasa kumi na mbili juu ya Vasco da Gama: alipofika Mombasa Aprili 1498, alivyokosana na wenyeji, alivyopokelewa Malindi, alivyopata rubani. Ilirudi ikiwa na maneno mawili tu ya wino mwekundu: "Kwa hivyo?" Nilikasirika wiki nzima. Kisha nikaisoma upya na kuona hakukuwa na sentensi hata moja ambayo mtu angeweza kuipinga.

Sentensi ya kwanza ya msichana wa Kisauni ilikuwa: "Biashara ya vitambaa ilikuwa muhimu sana katika pwani ya Afrika Mashariki." Nani atabisha? Tulikaa nayo hadi ikawa hivi: "Vita vya Marekani vya 1861 vinaonyesha kuwa wanunuzi wa pwani walichagua kitambaa kwa ubora na jina, si kwa bei tu, na wenye viwanda wa ng'ambo walilazimika kuwafuata." Hii inaweza kupingwa, kwa hiyo inafaa kutetewa. Tena inambadilisha mtu wa pwani: badala ya kupokea tu, ni mteja aliyesumbua kiwanda cha mbali.

Kila aya ianze na dai, ifuate na ushahidi, kisha useme ushahidi huo una udhaifu gani. Weka tanbihi papo hapo unapoandika. Ukisema utaziweka mwishoni, utazitafuta saa nane za usiku. Usinakili maneno ya mtu bila kumtaja, na usiwaachie programu za kompyuta zikuandikie, maana hutunga vitabu visivyokuwapo na majina ya waandishi wake.

Vyuo vyetu vingi hugawa alama 30 kwa majaribio na insha, 70 kwa mtihani. Mtihanini tumia dakika tano za mwanzo kwa kila swali kuandika dai lako kwa sentensi moja kwenye ukurasa wa nyuma. Swali likisema "jadili kwa kiasi gani", jibu kwa kiasi, si ndiyo wala la. Na usiilazimishe Mombasa kuingia kila mahali. Swali la Mapinduzi ya Ufaransa lijibu kwa Ufaransa na, ukipenda kupata alama ya ziada, Haiti. Likija la safari za Zheng He, amiri wa meli za China, hapo ruhusa: mwingize yule twiga wa Malindi aliyefikishwa mbele ya mfalme wa China mwaka 1415, na ueleze kwa nini watu wa Malindi walimtuma.